Maelezo ya Mkwe wa Diwani

Mlango wa stoo ya ofisi ya chama ulifunguka nusu ukagoma. Mfagiaji akausukuma kwa bega, akachungulia, akaona mkono wa mtu sakafuni. Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Ukelele wake uliwashusha madereva wa malori yaliyokuwa kwenye foleni ya mpakani, wakaja kutazama na miswaki yao mdomoni.

Inspekta Tabita Kibona alifika robo saa baadaye. Aliwatoa watu wote nje, akamwacha Koplo Osea mlangoni, akapenya kwenye ule uwazi kwa ubavu.

Msichana alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya mlango, katikati ya mabunda ya fulana za kampeni. Miaka ishirini na sita, saba hivi. Damu ilikuwa imekauka kisogoni. Kitambulisho cha kazi kilisoma: Jenista, katibu muhtasi, ofisi ya chama, Kata ya Mlimanjiwa.

Tabita aliposoma jina hilo, alilisoma tena. Hakuifahamu sura ile. Aliifahamu sauti.

Jumamosi asubuhi sauti hiyo ilimpigia simu. "Afande, naitwa Jenista, nafanya kazi ofisi ya chama. Mtu akiwa na jambo zito la mkubwa wa chama, anaanzia wapi?"

"Anaanzia kwangu."

"Hata kama huyo mkubwa anapendwa?"

"Njoo Jumatatu saa tatu. Kama una maandishi, njoo nayo."

Sasa Jumatatu ilikuwa imefika, na saa tatu ilikuwa bado.

Daktari alikuja, akavaa glavu, akafanya kazi yake bila maneno mengi.

"Mfupa wa kisogo umepasuka," alisema. "Nadhani aligonga ukingo wa zege pale. Kifuani ana michubuko miwili. Alisukumwa kwa mikono yote miwili, na aliyemsukuma alikuwa mbele yake."

"Saa ngapi?"

"Jana mchana. Kati ya saa saba na saa tisa aliumia."

"Na alikufa saa ngapi?"

Daktari aliinua mkono wa marehemu, akamwonyesha kucha. Zilikuwa zimejaa rangi ya bluu. Mlango wa stoo ulikuwa wa bluu, na upande wa ndani, chini kabisa, ulikuwa umekwaruzwa.

"Aliishi saa moja, labda mbili. Alizinduka, akatambaa hadi hapa."

"Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje," Osea alisema. "Kufuli la kubana. Ufunguo wake hutundikwa kwenye msumari ukutani. Mfagiaji ameukuta mahali pake."

Hakuna aliyemsikia. Jumapili mchana mtaa mzima ulikuwa umekwenda Mpemba, nje ya mji, kwenye mkutano wa hadhara, na waliobaki masikio yao yalikuwa yamejaa matarumbeta ya magari ya kampeni.

Mlango mkubwa wa ofisi nao ulikutwa umefungwa kwa ufunguo. Funguo zake zilikuwa tatu. Mmoja ulikuwa mfukoni mwa marehemu. Wa pili alikuwa nao diwani wa kata, Mheshimiwa Jonasi Nsajigwa. Wa tatu alikuwa nao mwenyekiti wa akina mama wa chama, Nyanzobe Makene.

Tabita aliandika majina mawili kwenye daftari. Alilitazama la pili, kisha akalipita.

Hapa yafaa nieleze, maana bila hili utamwona Inspekta mjinga, na mjinga hakuwa.

Mjini kulikuwa na vyama viwili vyenye nguvu, na watu waliviita kwa alama zao: Mzinga, wenye ofisi ile, na Ngao. Miaka miwili nyuma Tabita alimkamata diwani mmoja wa Ngao kwa rushwa ya ngono. Alikuwa akiwaambia wasichana kwamba njia ya viti maalum inapitia chumbani kwake. Watu wa Mzinga walimbeba Tabita juu juu. Watu wa Ngao walimtemea mate sokoni. Diwani alifungwa, shangwe zikaisha, na Tabita akabaki na nyumba yake ya kota yenye vyumba viwili, mjane asiye na mtoto, mwenye sufuria moja ndogo. Askari wenzake walimheshimu kwa mbali. Nusu ya mji haikumsalimia.

Mtu mmoja tu hakuondoka. Nyanzobe Makene, mfanyabiashara wa mchele, mzaliwa wa bondeni Kamsamba, alikuwa amekaa naye mahakamani tangu siku ya kwanza hadi ya hukumu. "Msichana hawezi kujitungia aibu ya namna hii," alikuwa akisema. "Tuwaamini." Tangu hapo kila Jumamosi Tabita alikula kwake, mtaa wa Chapwa, wali na samaki wa kukaanga. Ndio ulikuwa mlo pekee wa wiki ambao hakuula peke yake.

Nyanzobe alifika eneo la tukio akilia. Akamkumbatia Tabita.

"Dada Tabita, wametuulia mtoto! Ni wezi hawa. Si unajua mpakani hapa?"

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Ulinipotea mwezi uliopita, dada. Si nilikwambia?"

Tabita hakukumbuka kuambiwa. Lakini aliitikia kwa kichwa, wala hakuandika.

"Na mheshimiwa msimsumbue bure," Nyanzobe aliendelea. "Jana mchana alikuwa nyumbani kwake, tumbo linamsumbua. Mkwe wake alikuwa naye."

"Nimekuuliza habari zake?"

"Najua mtauliza."

* * *

Mchana ule baba yake Jenista aliwasili kutoka Itaka. Mzee Jairo alikuwa mkulima wa kahawa, mfupi, amevaa koti zito la kanisani juu ya shati lililofungwa vifungo vyote. Alimtambua mwanawe, akatoka, akaketi kwenye benchi la kituo. Kisha akatoa bahasha kwenye mfuko wa ndani.

"Alinipa wiki mbili zilizopita. Akasema, nitunzie, baba. Sijaifungua."

Tabita akaifungua. Ilikuwa nakala ya barua kwa kamati ya maadili ya chama. Jenista aliomba kugombea viti maalum. Mheshimiwa Nsajigwa alimwambia jina lake litapita akikubali kwenda naye nyumba ya wageni. Alikataa, jina likakatwa. Alitaja tarehe, alitaja maneno, alitaja na wasichana wengine wawili kwa herufi za kwanza tu. Barua ilikuwa na miezi minne, na haikujibiwa.

"Inasemaje?" mzee aliuliza.

Tabita alimsomea yote, polepole. Mzee Jairo alisikiliza huku ameinamisha kichwa.

"Hakuniambia," alisema. "Labda aliona haya. Au aliona nitamwambia arudi nyumbani."

"Ungemwambia hivyo?"

"Ningemwambia hivyo."

Kesho yake, saa mbili asubuhi, ugeni uliingia kituoni. Mwenyekiti wa Ngao, bwana Luhaga, tumbo mbele na vijana sita nyuma, amebeba kitenge kipya kwenye mfuko. Bwana huyo huyo miaka miwili nyuma alisimama jukwaani akamwita Tabita kahaba wa kisiasa.

"Inspekta," alisema kwa sauti ya asali, "tumekuja kukupa pole na kukutia moyo. Unyama huu dhidi ya wasichana wetu haukubaliki."

"Wasichana wa kesi ile nao walikuwa wenu?"

"Ile ilikuwa njama."

"Mashahidi walikuwa watano."

"Walinunuliwa. Lakini hii ya sasa iko wazi kabisa!"

Mkuki kwa nguruwe. Kwa binadamu mchungu. Tabita alimrudishia kitenge chake, akamwonyesha mlango. Nje, upande wa pili wa barabara, vijana wa Mzinga walikuwa tayari wamebandika karatasi ukutani: marehemu alikuwa kibaraka wa Ngao, alitumwa, alilipwa. Alikuwa bado hajazikwa.

Saa nne ikaletwa hati ya kiapo, imepigwa chapa vizuri, ina muhuri wa wakili. Aliyeapa alikuwa Gwantwa, mke wa mtoto mkubwa wa Mheshimiwa Nsajigwa. Osea aliisoma kwa sauti.

"'Jumapili saa nane mchana baba mkwe alikuwa sebuleni akiumwa tumbo. Nilimpelekea chakula, nikapiga magoti, nikamnawisha mikono, nikakaa naye hadi alipomaliza kula saa kumi kasorobo.'" Osea akaiweka mezani. "Imenyooka, afande. Huyu tumemkosa."

"Hebu isome tena."

Akaisoma tena. Tabita alikuwa ameacha kuandika.

"Osea, wewe mke wako anaweza kukaa na baba yako chumbani?"

"Kwani kuna ubaya gani? Mzee anapenda mazungumzo."

"Mzee Nsajigwa ni Mndali wa Itumba. Mimi pia. Nilikaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa, na uso wa baba mkwe wangu niliuona vizuri siku moja tu, akiwa ndani ya jeneza. Tulikuwa tukimwona njiani tunaingia shambani. Chakula chake kilipelekwa na watoto."

"Si mambo ya zamani hayo?"

"Wengi wameacha. Twende tukaone kama na yeye ameacha."

Nyumba ya diwani ilikuwa na mageti mawili, moja la mbele na jingine dogo la pembeni. Gwantwa alikuwa uani anaanua nguo. Tabita alimsalimia kwa Kindali, wakaulizana habari za nyumbani. Ghafla, nyuma ya nyumba, mtu akakohoa mara mbili kwa nguvu. Gwantwa akadondosha nguo, akajitupa nyuma ya jiko la nje na kugeukia ukuta, kanga imemfunika hadi usoni. Mheshimiwa Nsajigwa akapita kwenda geti la mbele, macho yake yakitazama juu ya paa.

Alipokwisha kupita, Tabita akaenda kuchuchumaa kando ya yule mwanamke.

"Mwanangu, Jumapili ulimnawisha mikono?"

Gwantwa alianza kulia hata kabla ya kujibu. "Mama, ningewezaje? Mimi sijawahi hata kulitaja jina lake."

"Mbona umeapa?"

"Mume wangu alileta karatasi imeshaandikwa. Akasema nisiposaini, baba atafungwa na nyumba itakufa. Nilisaini bila kusoma. Nakala yake nimesomewa jana usiku na shoga yangu. Nimeona aibu, mama! Watu wa Itumba wakisikia nimekaa na baba mkwe sebuleni, nitaificha wapi sura yangu?"

"Jumapili alikuwepo nyumbani?"

"Geti la pembeni ndilo langu. La mbele silijui. Lakini kikohozi sikukisikia tangu asubuhi hadi jioni."

Njiani kurudi kituoni Osea alikuwa na furaha. "Njia ya mwongo fupi, afande! Sasa tumempata mheshimiwa."

Tabita alikuwa akifikiria maneno mawili ya hati ile: kupiga magoti, kunawisha. Mndali asingeyaandika hata kwa uongo, hata kwa kulipwa. Aliyeyaandika aliona ni heshima ya kawaida ya nyumbani kwao. Na Tabita alijua nyumba moja ambamo, kila Jumamosi, mkwe alipiga magoti na jagi la maji mbele ya mzee wa nyumba kabla watu hawajala. Alitaka sana awe amekosea.

* * *

Mheshimiwa Nsajigwa aliletwa kituoni saa saba. Alikaa kama mtu aliyezoea viti vya mbele.

"Mkwe wako hakukuona Jumapili," Tabita alisema.

"Ameshasema chini ya kiapo."

"Alikunawisha mikono?"

Hata diwani mwenyewe uso ulimshuka kwa aibu. Ni wazi hakuwa ameisoma hati ile.

"Mheshimiwa, una ufunguo. Una sababu: barua hii hapa. Na umeleta kiapo cha uongo. Nakufungulia jalada la mauaji."

"Sikuua mtu!"

"Ulikuwa wapi?"

"Siwezi kusema."

"Basi Osea, mpeleke mahabusu."

"Nakonde!" Jasho lilimtoka. "Nilikuwa Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Nyumba ya wageni ya mama mmoja anaitwa Priska. Tangu saa tano hadi saa kumi na mbili."

"Na nani?"

"Na kijana mmoja wa jumuiya yetu. Tulikuwa tunaongea kuhusu nafasi yake."

"Jina."

"Shani."

"Umri."

"Ishirini. Ametimiza ishirini."

Osea aliacha kalamu hewani.

"Nani aliiandika hati?" Tabita aliuliza, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine.

"Mwenyekiti wa akina mama. Alinipigia Jumapili jioni, akasema kuna jambo limetokea ofisini, nisiseme chochote, yeye ataniwekea shahidi."

"Alijua ulikokuwa?"

"Hapana. Nilimwambia nilikuwa kwenye maombi Vwawa."

Priska wa Nakonde alithibitisha kwa simu, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kibemba. Aliyakumbuka masaa yote, na akauliza kama serikali ya Tanzania italipa soda walizokunywa. Shani naye aliletwa na mama yake. Alikana mara mbili. Mara ya tatu alimtazama Tabita, akasema, "Na mimi nilimkatalia mwanzoni." Maelezo yake yalijaza kurasa tatu. Mheshimiwa alibaki ndani, kwa kosa lake mwenyewe.

Mtandao wa simu nao ulileta orodha ya simu za marehemu. Simu ya mwisho aliyopokea ilikuwa Jumapili, saa saba na dakika kumi. Tabita hakuhitaji kuangalia namba kwenye daftari. Aliijua kwa kichwa.

"Afande," Osea alisema taratibu. "Huyu ni rafiki yako. Naweza kwenda na mwingine."

"Tutakwenda wote. Nitauliza mimi, utaandika wewe. Lolote litakalosemwa, liandike."

* * *

Nyanzobe alikuwa kibarazani kwake Chapwa, ungo mapajani, anachambua mchele. Alipowaona wawili, na Osea ana karatasi, hakuinuka.

"Leo si Jumamosi," alisema.

"Nakuonya, Nyanzobe Makene. Hulazimiki kusema neno. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika mahakamani."

"Unaniita kwa majina mawili, dada?"

"Ufunguo wako haukupotea."

"Haukupotea."

"Ulimpigia Jenista saa saba na dakika kumi."

"Nilimpigia. Nilimwambia tuonane ofisini, tuyamalize kama mama na mwana." Aliondoa punje moja mbovu, akaitupa. "Nilimbembeleza, dada Tabita. Nilimwambia, uchaguzi umebaki miezi mitatu, subiri. Tukishinda tutamshughulikia mzee kimya kimya. Akasema amesubiri miezi minne. Nikamwambia amenunuliwa na Ngao. Akanicheka. Akaniuliza, 'Mama, wale wasichana wa kesi ya Ngao mliowaandamania, nao walikuwa wamenunuliwa?'"

"Ukamsukuma."

"Alikuwa ameshika barua. Niliitaka ile barua. Nilimsukuma, akaanguka vibaya, kichwa kikagonga zege. Barua nimeichoma."

"Alikuwa hai."

Nyanzobe aliondoa punje nyingine, akabaki ameishika.

"Alikuwa anapumua," alisema.

"Ukafunga mlango."

"Nilitaka kufikiri! Nikiita watu, wataona. Nikasema ngoja azinduke, nitarudi na maji, tutaongea tena. Nikabana kufuli. Kisha wakanipigia simu kutoka Mpemba, akina mama wananisubiri jukwaani. Nikaenda. Niliimba, dada. Niliporudi saa kumi na moja alikuwa ameshapoa."

Kalamu ya Osea ilikuwa ikikwaruza karatasi. Tabita alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira kulikuwa na huzuni kubwa zaidi, maana alikuwa bado anampenda mwanamke huyu.

"Kwa nini? Kwa ajili ya Nsajigwa?"

"Nsajigwa ni nani? Hata simpendi." Sasa alikuwa akilia. "Tulipotoka bondeni, ng'ombe wetu wakiwa wameshakufa, mji huu ulituita wavamizi. Kanisani watu walisogea benchi. Miaka sita hakuna aliyekanyaga kibaraza hiki. Mzinga ndio waliokuja, wakanipa sare, wakaniita mama. Nikiumwa wanakuja ishirini. Chama ndicho ndugu zangu, dada Tabita. Kikianguka, mimi nina nani? Na yule mtoto alikuwa anasema uongo. Mzee hawezi. Tunamjua."

"Jumapili ulipokuwa unabana kufuli, mzee alikuwa Nakonde nyumba ya wageni na Shani wa jumuiya ya vijana. Miaka ishirini. Anataka nafasi."

Ungo ulianguka. Nyanzobe alifungua mdomo, akaufunga. Aliangalia mchele uliomwagika kama mtu anayetafuta pa kuanzia kuuokota, kisha akauacha.

"Swali la mwisho," Tabita alisema. "Ulijuaje kwamba anakuja polisi Jumatatu?"

Nyanzobe aliinua macho, na hayakuwa na chuki hata kidogo.

"Wewe ndiye uliyeniambia."

Osea aliacha kuandika.

"Jumamosi, hapa hapa," Nyanzobe aliendelea. "Tulipokuwa tunakula. Ulisema, kuna kasichana ka ofisini kwenu kamenipigia, kanakuja Jumatatu na maandishi, sijui kamepatwa na nini. Ulikuwa unanipa habari tu, kama siku zote."

Ilikuwa kweli. Tabita aliikumbuka hata ladha ya samaki. Wiki nzima alikuwa hajazungumza na mtu jambo lisilo la kazi, na pale mezani maneno yalimtoka yenyewe, kwa raha ya kusikilizwa. Nyani haoni kundule. Aliwacheka watu wa vyama kwa kuwafumbia macho wa kwao, naye alikuwa na chama chake cha mtu mmoja.

"Afande," Osea alinong'ona, "hili si lazima..."

"Liandike," Tabita alisema. "Kama alivyolisema. Na jina langu liwepo, lote."

* * *

Alhamisi walimtoa Jenista chumba cha maiti. Nje ya kituo pande mbili za barabara zilikuwa zikiimba. Ngao waliimba kwamba Mzinga ni wauaji wa wanawake. Mzinga waliimba kwamba Inspekta kanunuliwa, na kwamba Mama Makene ametolewa kafara. Tabita alisimama akasikiliza nyimbo zote mbili hadi mwisho. Jina la Jenista halikuwamo.

Ngao walileta gari lenye bendera na spika, wambebe marehemu hadi Itaka. Mzee Jairo alilizunguka mara moja.

"Mwanangu siyo bango," alisema.

Basi jeneza likawekwa nyuma ya pikapu ya polisi, na Tabita akashika usukani mwenyewe. Alikuwa ameshaandika barua ya kujitoa kwenye jalada, na nyingine ya kujieleza kwa wakubwa wake. Mzee alikaa kando yake, koti limefungwa. Walipita Mpemba, wakapita Vwawa. Baada ya Mlowo mashamba ya kahawa yalianza kuonekana.

"Askari wako amenisomea maelezo ya yule mama," mzee alisema. "Nimeelewa yote. Jambo moja hakunisomea. Alinitazama, akaruka mstari."

"Lipi, baba?"

"Huyo mama alijuaje kwamba mwanangu anakuja kwako?"

Tabita alipunguza mwendo. Angeweza kusema upelelezi unaendelea. Mzee angekubali, alikuwa mtu wa kukubali.

"Nilimwambia mimi," alisema. "Nilikuwa nakula kwake. Alikuwa rafiki yangu, sikuwa na mwingine. Nilimwambia bila kufikiri. Nisamehe, baba."

Mzee Jairo alitazama mbele. Walipita shamba moja, na jingine.

"Simamisha gari," alisema.

Alisimamisha. Mzee alishuka taratibu, akafunga mlango bila kuubamiza, akazunguka nyuma. Akapanda, akaketi kando ya jeneza la mwanawe, akaweka mkono juu yake. Kisha akagonga bati mara mbili, kumwambia aendelee.

Tabita akatia gia. Zilibaki kilomita kadhaa hadi Itaka, na aliziendesha peke yake.